Mwongozo kamili wa mazoezi ya umakinifu kwa mjamzito na mama aliyejifungua

Wanaojaribu mazoezi haya na kuyaacha hukwama karibu mahali palepale. Mama anakaa, anafumba macho, anasubiri kichwa kiwe kitupu. Kichwa hakiwi kitupu. Kinamletea ada ya mtoto mkubwa, maneno ya wifi, hofu ya chumba cha kujifungulia. Siku ya tatu anasema haya mambo si ya watu kama yeye, anaacha. Wengine husogea mbele kidogo, ila mtoto akizaliwa siku yote inavurugika, na zoezi linakufa wiki ileile wanayolihitaji zaidi.

Mwongozo huu umepangwa kwa ajili yao. Umakinifu hapa ni jambo dogo: kuielekeza akili kwenye kitu kinachotokea sasa hivi, kama pumzi, nyayo au joto la maji, na kuirudisha kila inapotoroka bila kujikaripia. Unairudisha kama unavyomrudisha mtoto anayetambaa kuelekea jiko: unamwinua, unamgeuza, basi. Akili ikitoroka mara ishirini ukairudisha mara ishirini, zoezi limekwenda vizuri sana. Utulivu ukija, shukuru. Usipokuja, zoezi limefanyika vilevile.

## Kwanza jua unaanzia wapi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Huyo ni karibu mama mmoja kati ya watano. Si uvivu, wala si kudeka.

Kuna hali tatu ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya kunaweza kugharimu maisha.

Majonzi ya siku za mwanzo. Huwapata kina mama wengi kuanzia siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua. Unalia bila sababu, unacheka, unalia tena. Huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Usingizi, chakula na watu wema vinatosha.

Sonona na wasiwasi uliozidi. Huzuni au hofu inapita wiki mbili, hamu ya mambo yote inaondoka, usingizi haupatikani hata mtoto akiwa amelala, au unajiona mzigo. Inaweza kuanza tangu ujauzito, au miezi mingi baada ya kujifungua. Hapa mazoezi yanasaidia yakienda pamoja na ushauri nasaha, na pengine dawa. Zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kutumia huku ananyonyesha, sertralini ikiwa mojawapo; daktari ndiye anayepanga. Kama tayari unatumia dawa, usiziache ghafla kwa sababu umeanza mazoezi.

Kuchanganyikiwa akili baada ya uzazi. Humpata mama mmoja au wawili kati ya 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Halali na wala hahisi kuhitaji usingizi, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au kuna watu wanataka kumdhuru. Nyumbani wengi watasema ni majini au amerogwa. Dua zisomwe, lakini afikishwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Hakuna zoezi la kupumua linalotibu hali hii.

Ukitaka kujipima, muulize muuguzi wa kliniki kuhusu dodoso la Edinburgh la sonona ya uzazi. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na jumla yake huanzia 0 hadi 30. Alama 13 na kuendelea kwa kawaida humaanisha uonwe na mtaalamu. Swali la kumi linahusu kujidhuru. Ukijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", zungumza na mtu siku hiyo, hata kama jumla yako ni ndogo.

Umakinifu umeonyesha nguvu zaidi katika kuzuia. Mwaka 2016, utafiti wa Marekani uliohusisha wajawazito 86 waliowahi kuugua sonona ulionyesha kuwa kwa waliofundishwa umakinifu kwa wiki nane, sonona ilirudi kwa asilimia 18 hivi kufikia miezi sita baada ya kujifungua, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida ilirudi kwa karibu nusu yao. Kwa hiyo kama uliwahi kuanguka kwenye sonona uzazi uliopita, anza mapema, usisubiri dalili.

## Vitu vya kuandaa

- Kiti chenye egemeo, au ukuta na mto. Khanga iliyokunjwa mara nne nyuma ya kiuno inafaa kabisa.
- Simu yenye kengele ya dakika, data ukiwa umeizima.
- Daftari dogo. Utaandika alama moja tu kwa siku, si insha.
- Mtu mmoja anayejua unachofanya: mume, dada, mama, jirani. Mmoja anatosha, ila awepo.
- Kadi ya kliniki mahali panapoonekana, na namba za msaada zimeandikwa nyuma ya daftari. Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Kenya, 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri nasaha bure.

Chumba kimya hakihitajiki. Nyumba zetu zina watoto, redio, wauza samaki na mashine ya kusaga jirani. Ukijifunza katikati ya hayo, utaweza pia wodini.

## Hatua ya 1: Dakika tatu, macho wazi

Fanya kwa wiki nzima, wakati uleule, ukiunganisha na kitu unachokifanya tayari kila siku, kwa mfano baada ya kupiga mswaki au kabla ya chai. Sababu ni kwamba nia pekee huchoka haraka, lakini mswaki hausahauliki.

1. Kaa, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zikigusa sakafu.
2. Angalia sehemu moja chini mbele yako. Usifumbe macho.
3. Hisi nyayo: ubaridi wa sakafu, uzito, kisigino na vidole.
4. Akili ikiondoka, jiambie kimoyomoyo "imeondoka", rudi kwenye nyayo.
5. Kengele ikilia, weka alama daftarini.

Kwa nini nyayo na si pumzi? Mjamzito mwenye tumbo kubwa tayari anapumua kwa shida kidogo, na kuikodolea pumzi humwongezea hofu. Kwa nini macho wazi? Mama aliyewahi kubakwa, kupigwa, kupoteza mtoto au kutendewa ukatili leba anaweza, akifumba macho na kuuchunguza mwili, kurudishwa moja kwa moja kwenye tukio. Ikikutokea hivyo, simama, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, gusa ukuta, acha kwa siku hiyo. Zoezi lako liwe la vitu vya nje, yaani sauti na unavyogusa kwa mkono, mpaka upate mshauri wa kukaa nawe.

Umefaulu ukiona: alama tano au zaidi ndani ya wiki, na angalau mara moja umejikuta ukigundua katikati ya shughuli nyingine kwamba mawazo yamekuchukua.

## Hatua ya 2: Pumzi ndefu ya kutoka

Wiki ya pili ongeza hii. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi tatu, itoe taratibu mdomoni ukihesabu hadi tano au sita. Rudia mara kumi. Pumzi inayotoka polepole hupunguza kasi ya moyo, na mwili hupokea habari kwamba hakuna hatari.

Usizuie pumzi wakati wowote. Ukihisi kizunguzungu au ganzi midomoni na vidoleni, umevuta hewa nyingi mno; rudi kwenye upumuaji wa kawaida. Na kama unahema hata ukiwa umekaa tu, au moyo unaenda mbio bila sababu, hiyo si kazi ya zoezi. Nenda kliniki wakupime damu. Upungufu wa damu huleta uchovu, hasira na kukata tamaa vinavyofanana sana na sonona, na dawa yake ni tofauti.

## Hatua ya 3: Kuukagua mwili na kumsikiliza mtoto

Ifanye mtoto akishaanza kucheza waziwazi, kwa wengi katikati ya ujauzito. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Kuanzia wiki ya 28 usilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Pitisha umakini polepole: paji la uso, taya, mabega, mikono, mgongo, tumbo, nyonga, miguu. Palipokaza, usipalazimishe palegee. Hisi tu, toa pumzi, endelea. Ukifika tumboni weka kiganja na ubaki hapo. Mtoto akicheza, fuata mchezo wake hadi uishe. Ukisinzia, hakuna kosa. Mjamzito anahitaji usingizi, na kesho utalifanya ukiwa umekaa.

Onyo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Umakinifu haukufundishi kuvumilia dalili ya hatari. Kichwa kinachouma sana, kuona ukungu, uso kuvimba, maumivu makali juu ya tumbo, kutokwa damu, chupa kupasuka, homa, mtoto kucheza pungufu ya kawaida yake: hayo hayapumuliwi. Unaondoka kwenda hospitali, hata usiku.

Umefaulu ukiona: unajua mahali mwili wako unapoficha hofu. Kwa wengi ni taya na mabega. Ukishapajua, utaikamata mapema, kabla haijawa usiku wa kukesha.

## Hatua ya 4: Barafu, maandalizi ya uchungu

Zoezi hili la kushika barafu hutumika katika mafunzo ya umakinifu kwa ajili ya kujifungua, na wengi huliruka kwa kuliona la ajabu. Usiliruke. Linafanyika miezi miwili ya mwisho, na barafu ya kufungwa kwenye nailoni inayouzwa mtaani inatosha.

Shika kipande kiganjani kwa dakika moja, kwa sababu uchungu wa leba iliyokomaa huchukua karibu muda huo kila unapokuja. Mara ya kwanza usifanye lolote, ona tu akili inavyopiga kelele: "Tupa! Sitaweza!" Pumzika dakika tatu. Shika kwa mkono wa pili, safari hii ukitoa pumzi ndefu na kuangalia kinachotokea hasa: kuchoma, kisha ganzi, kisha kuuma kwenye kifundo. Utaona maumivu hayatulii mahali pamoja, yanapanda na kushuka. Utaona pia sehemu kubwa ya mateso ilikuwa kwenye swali "itaisha lini?"

Halafu pumzika, na kuangalia mapumziko nako ni zoezi. Kati ya uchungu mmoja na mwingine kuna dakika ambazo mwili hauumi, na kina mama wengi huzipoteza kwa kuogopa unaofuata.

Usizidishe dakika moja, na usifanye kama una ganzi ya mikono au ngozi yako inadhurika na baridi. Mtu atakayekusindikiza hospitali afanye pamoja nawe. Akijua mnavyopumua, atakukumbusha kwa maneno mawili tu, "toa pumzi", na hicho ndicho utakachoweza kukisikia.

Ukiomba dawa ya maumivu au ukaishia kupasuliwa, hujashindwa chochote. Pumzi ileile inakufaa kwenye meza ya upasuaji.

## Hatua ya 5: Siku arobaini

Sheria ya kipindi hiki ni moja: usiongeze kitu kwenye siku, tumia kilichopo. Mama aliyelala jumla ya saa tatu tu, kwa vipande, hawezi kuambiwa akae dakika ishirini. Chagua kimoja kati ya hivi, vingine viache.

Kunyonyesha. Mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Chukua mara moja tu, mchana. Simu weka mbali. Egemea, hakikisha pua ya mtoto iko huru, kisha fuata: mdomo unavyoshika, kumeza, joto lake, uzito wake kwenye mkono. Ukisinzia, acha zoezi na uombe mtu awe karibu. Titi likiendelea kuuma baada ya mtoto kushika, mtoe kwa kupitisha kidole kwenye kona ya mdomo na umnyonyeshe upya. Hilo ni la kurekebishwa, si la kutafakariwa.

Wapo wanaoshikwa na huzuni ya ghafla maziwa yanapoanza kushuka, ikaondoka baada ya dakika chache. Inatokana na mabadiliko ya homoni. Haimaanishi humpendi mtoto. Ijue, iangalie ikija, iangalie ikiondoka, na umweleze muuguzi.

Kukandwa na kuoga. Unapokandwa, fuata joto kwa umakini kila kitambaa kinapogusa. Maji yawe ya moto wa kuvumilika. Ngozi ikiungua, hakuna faida iliyopatikana. Mwenye mshono wa upasuaji asikandwe tumbo.

Uji au mtori. Kula vijiko vitano vya kwanza bila kuongea. Ladha ya pilipili manga, moto kooni, tumbo linavyopokea. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na mama aliyechoka kabisa naomba aanzie hapa.

Kwa Mwislamu aliye kwenye nifasi, yaani kipindi cha damu ya uzazi, sala imeondolewa kwa muda, na siku inaweza kuonekana haina mwanzo wala mwisho. Adhana bado inasikika mara tano. Inapoadhiniwa, simama na unachofanya, toa pumzi ndefu tano, kisha lete dhikri na dua zako. Mkristo atafanya hivyohivyo kwa kengele ya kanisa au sala yake ya asubuhi. Zoezi lenyewe kama lilivyo hapa halina maneno ya dini yoyote, na halichukui nafasi ya ibada yako.

Dakika hizo chache huombwa waziwazi. Wengi husubiri watu wajiongeze, wasipojiongeza wanaumia kimya. Kwa mama mkwe: "Mama, naomba unishikie mjukuu wako kidogo, nipumzishe kichwa, halafu nitamnyonyesha." Kwa mume: "Baba, kaa na mtoto mpaka kengele hii ilie." Ukitaja kazi na mwisho wake, watu husaidia haraka zaidi kuliko ukisema umechoka.

Umefaulu ukiona: kwa siku nyingi umefanya mara moja. Mara moja tu.

## Hatua ya 6: Mawazo ya kutisha

Hapa ndipo kina mama wengi huteseka peke yao. Anapita karibu na ndoo ya maji, kichwani inakuja picha ya mtoto ametumbukia. Anashika kisu kukata kitunguu, inakuja picha mbaya zaidi. Anajiuliza yeye ni mnyama gani. Hamwambii mtu kwa hofu ya kuitwa mchawi au kunyang'anywa mtoto.

Picha za namna hii huwajia kina mama wengi sana wenye watoto wachanga, na kuzikuta kichwani hakumfanyi mama kuwa hatari. Zinapokuja:

1. Ziite kwa jina: "Hili ni wazo." Usiseme "mimi ni mbaya".
2. Hisi nyayo.
3. Toa pumzi ndefu tatu.
4. Endelea na ulichokuwa unafanya. Kata kitunguu chako.

Usipambane nalo na usilikimbie. Wazo linalosukumwa hurudi na nguvu, na ukianza kukwepa jiko au kumkagua mtoto mara hamsini kwa usiku, akili inajifunza kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, au muuguzi. Kulitamka kunalipunguza.

Mpaka uko hapa: mama anayetishwa na wazo hilo na kulichukia yuko tofauti na mama anayeliona ni amri, anayesikia sauti ikimwelekeza, au anayeanza kuona lina mantiki. Huyo wa pili aende hospitali sasa hivi, akiwa na mtu. Vilevile wazo la "watakuwa na nafuu nisipokuwepo" haliachwi lipite kama mawazo mengine. Litamke leo, kwa mtu aliye karibu au kwa zile namba nyuma ya daftari.

## Hatua ya 7: Mtoto asiponyamaza

Kilio cha mtoto huongezeka wiki za mwanzo, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Kagua kwanza: njaa, nepi, joto, homa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 na zaidi apelekwe hospitali.

Kama yuko salama na bado analia, na wewe mikono imeanza kutetemeka kwa hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika tano. Nyayo chini, pumzi ndefu kumi, maji usoni. Kilio cha dakika tano hakimdhuru mtoto. Kumtikisa kunaweza kumuua. Rudi, jaribu tena, na kama huwezi, gonga mlango wa jirani.

## Hatua ya 8: Kurudi kazini au shambani

Sheria ya kazi Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi kwa mtoto mmoja na 100 kwa mapacha. Mama lishe na mkulima hurudi mapema zaidi. Wiki hiyo ya kurudi, hamishia zoezi njiani: nyayo ukiwa kituoni, pumzi ndefu kwenye daladala, dakika moja ya mikono kwenye maji kabla ya kumchukua mtoto jioni.

Fanya tena lile dodoso la maswali 10 kwenye wiki ya sita na mwezi wa tatu baada ya kujifungua, hata kama unajisikia vizuri. Kliniki ya chanjo ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa kuwa unakwenda tayari. Alama zikipanda kuliko mara ya kwanza, mwonyeshe muuguzi karatasi yenyewe. Na ukiwa umeacha mazoezi kwa wiki kadhaa, usianzie ulipoishia. Rudi Hatua ya 1, dakika tatu, macho wazi.